Nilimpa Baba Mkwe Mkono, Akapokea Behewa

Kwanza kabisa, sikulia. Yale machozi mnayoyaona kwenye video ya Redio ni mvuke wa supaglu. Mwenye kubisha akaifungue supaglu kwenye stoo isiyo na dirisha, aiinamie robo saa, halafu aje tuzungumze.

Redio ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimwambia jambo saa moja jioni, taarifa ya habari ya saa mbili inakuwa imeshapitwa. Jumamosi alikuwepo na simu yake, akanirekodi, na tangu Jumamosi hiyo nusu ya Tabata inaniita Daraja la Tatu. Mama muuza genge ananiita hivyo. Bodaboda wa pale kona aliniuliza jana kama behewa nalo nalilipia nauli. Basi nimeona niilete mwenyewe habari yote, maana Redio kaongeza chumvi pasipohitaji chumvi, na sehemu iliyoniua hasa kaiacha.

Kofia nilivaa, ndiyo. Firimbi ilikuwa shingoni. Bendera ya kijani ilikuwa mfuko wa nyuma. Tuendelee.

Kwa mliojiunga karibuni: nina reli ndogo ya mfano stoo. Si midoli. Narudia, SI MIDOLI. Mgeni akiingia, neno la kwanza ni "Umemnunulia mtoto?" Mtoto wangu haruhusiwi kuikaribia ile meza hata kwa kivuli. Neno la pili, "Hii ni SGR?", yaani ile reli mpya ya njia pana. Hapo huwa nakunja uso, kwa sababu hii ni Reli ya Kati, ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na nimeandika vibao vya stesheni kwa mkono wangu. Neno la tatu si neno. Ni kidole. Kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha treni na kukisukuma, "vuuuum!" Jamani, kichwa cha treni hakisukumwi! Gia zake zinalizungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzizungusha gia. Unachosukuma pale ni mshahara wangu.

Seti yenyewe ni mtumba wa Ujerumani, binamu yangu aliileta sandukuni, kila behewa ndani ya soksi yake. Kipimo ni 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Nimeipanga juu ya plaiwudi: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, halafu inapita nyuma ya Milima ya Uluguru na kurudi Pugu. Milima niliifinyanga kwa magazeti na uji wa ngano. Ilidumu wiki mbili. Wiki ya tatu panya walikula upande wote wa mashariki, na mpaka leo Uluguru yangu ina pengo ambalo nawaambia watu ni machimbo ya kokoto.

Kokoto zenyewe msiniulize. Nilichekecha mchanga wa ufukweni nikaumwaga katikati ya mataruma, ukapendeza kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba mchanga wa bahari una chembe nyeusi za chuma na kwamba mota ya treni ina sumaku. Siku ya pili kichwa kilikuwa kinaunguruma kama mashine ya kusaga ya Buguruni.

Lakini adui yangu ni Ruvu. Masika plaiwudi ilivimba, kiungo kimoja cha reli kikanyanyuka, unene wa kucha tu. Tangu hapo treni inatoka Pugu kwa maringo, inaingia Ruvu, behewa la tatu linaanguka. La pili halianguki. La nne halianguki. Nikibadilisha mpangilio, lililokuwa la tatu linapita salama na lile lililochukua nafasi yake linakwenda chini. Nimepiga tupa, nimepiga msasa, nimeweka kadi ya simu chini ya reli. Mke wangu aliwahi kunikuta nasema na Ruvu kwa sauti ya kubembeleza.

Sasa baba mkwe. Mzee ni dereva wa treni mstaafu, na aliendesha kwenye hiyohiyo Reli ya Kati. Tangu nimwoe binti yake, mazungumzo yetu hayajawahi kuvuka "Shikamoo baba", "Marahaba", "Mvua hizi", "Mvua kweli". Mke wangu akaona huruma, akamwambia nina reli nyumbani. Mzee akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema Jumamosi saa nne atakuja kuiona.

Sikulala. Nilifuta reli zote kwa raba na spiriti, nilipanga madodoki niliyoyapaka rangi ya kijani (hiyo ndiyo mikoko ya Ruvu, na najua Ruvu yenyewe haina mikoko, niacheni), nikavaa kofia. Redio akaja "kusaidia", yaani kukaa kwenye ndoo na simu mkononi.

Saa nne kasorobo nikafanya jaribio la mwisho. Pugu, sawa. Ruvu, behewa la tatu. Ila safari hii halikulala ubavu kama kawaida yake, lilipitiliza ukingo wa meza mpaka sakafuni. Lilikuwa behewa la daraja la tatu, lile nililoliandika namba kwa ncha ya sindano jioni tatu mfululizo. Kiungio chake na behewa jingine kikavunjika. Springi yake, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mtama, iliruka na kutoweka. Wenzangu wa hobi hii mnaijua ile sauti, "ti", kisha ukimya. Nilitambaa na tochi. Nilipata sarafu ya shilingi hamsini, mabawa ya mende na kifungo cha shati nililokwisha kuligawa.

Basi nikachukua supaglu.

Najua. Najua! Mzee mmoja wa kazi hii aliniambia zamani, supaglu na haraka visilale nyumba moja. Nikabana behewa kwa dole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, nikaminya tyubu kwa wa kushoto. Halikutoka kitu. Nikaminya zaidi. Halikutoka. Nikaminya kama mtu anayemaliza dawa ya mswaki mwisho wa mwezi, na pale pale tyubu ikakohoa yote.

Supaglu hukaushwa na unyevu, na Dar es Salaam unyevu ndiyo hewa yenyewe. Ongezea jasho la mkwe. Nilihisi ujotojoto, halafu nikahisi kukazwa. Nikajaribu kufungua vidole. Vidole vikasema sisi na behewa tumeshaelewana. Hata cha kati kilikuwa kimeitwa kwenye kikao.

"Redio," nikanong'ona, "imeshika."

Redio akawasha kamera.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa saa nne kamili. Si kasoro wala na dakika moja. Nilikuwa nimejipa matumaini ya dakika ishirini za kuchelewa. Nikamsikia mke wangu akisema "karibu baba, yuko huku stoo", nikasikia fimbo, ko, ko, ko, kwenye korido. Nikavuta vidole, ngozi ikanijibu vibaya. Ko, ko. Nikafikiria kujificha chini ya meza, chini ya meza alikuwa Redio anatafuta pembe nzuri. Ko.

Mlango ukafunguka. Mzee kavaa kanzu safi, kofia ya kazi, miwani. Akanitazama kuanzia kofia mpaka firimbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akasema, na, mtu huyu ambaye miaka yote ananipokea kwa kutikisa kichwa, akanyoosha mkono.

Hapa naomba tutembee polepole, maana mimi mwenyewe tangu siku hiyo natembea nayo polepole kila nikifumba macho.

Mkono wake ulikuwa hewani. Mkono mpana, wa mtu aliyeshika breki za mabehewa kweli. Wangu wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo, na behewa. Wa kushoto ulikuwa huru, mkavu, hauna kazi. Lakini wa kushoto, ndugu zangu! Mkono wa kazi tunazozijua, nimpe baba aliyenipa mke? Nikafikiri nipige magoti tu nisishike kitu. Nikafikiri nizimie. Mkono wake bado uko hewani. Nyusi moja ikapanda. Mke wangu, nyuma ya bega lake, akanitolea macho ya "unafanya nini?" Sisimizi mmoja akapita Morogoro.

Nikautoa wa kulia.

Mzee akapokea. Hakuangalia chini, watu wazima hawaangalii mkono, wanakuangalia machoni. Kwa hiyo alilishika behewa, akalikamata vizuri kabisa kiganjani, akalitikisa. Mara moja. Mara mbili. Magurudumu yakazunguka, triiii, kwenye kiganja chake. Macho yake yakabaki kwenye yangu, lakini niliona kitu kikisafiri nyuma yake, polepole, kama mtu anayehesabu madirisha. Mara ya tatu akatikisa kidogo tu. Ndipo akashusha macho.

Akasoma namba. Akasema, "Daraja la tatu."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Nyuma yangu ndoo ikaanguka. Redio alikuwa anacheka bila sauti, ile ya kutetemeka mabega, na ndipo video yake inapokatika.

Na ndipo yenyewe ilipoanza. Sikumwambia mzee nimeganda, nikajifanya hivi ndivyo behewa hushikwa. Nikawasha treni kwa mkono wa kushoto. Ikapita Ruvu salama, kwa sababu ilikuwa na mabehewa mawili tu, la tatu nilikuwa nalo mimi, ikazunguka Uluguru, ikarudi Pugu, ikaenda tena. Mzee akaegemea fimbo, akainama mpaka miwani ikakaribia reli.

"Hii pana," akasema. "Yetu ilikuwa mita moja."

Wadau, hili nilikuwa nalijua, na nilikuwa naomba asije akatokea wa kuliona. Njia yangu, reli hadi reli, ina upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87 upate mita 1 na sentimita 43 na nusu. Kwa reli ya mita moja ningepaswa kununua ya milimita 12, na ya milimita 12 bei yake ni talaka. Mzee hakuwa na kikokotoo, alikuwa na macho tu.

"Kwa hiyo," akasema, "kumbe ni SGR."

Wageni wangu wote niliowakunjia uso walikuwa sahihi. Sikuwa na la kujibu. Treni ikapita tena mbele yetu.

"Inakwenda wapi hii?"

"Inazunguka, baba."

"Haifiki?"

"Inarudi Pugu."

Akaitazama ikizunguka mara mbili zaidi, akashusha pumzi, akasema kwa huruma ya kweli, "Basi dereva wake ana kazi."

Hiyo ndiyo sehemu Redio hana.

Mengine yalikwenda mbio. Mke wangu akaleta dawa ya kutolea rangi ya kucha, vidole vikaachia, na plastiki nayo ikaachia, maana dawa ile inayeyusha plastiki kama barafu ya ukwaju. Madirisha manne ya behewa sasa ni moja, na ubavuni kuna alama ya dole gumba langu unayoweza kunipigia nayo kura. Chai ikanywewa. Umeme ukakatika. Mzee akaikuta ile springi, ilikuwa kwenye chapati.

Jioni, wakati wa kuaga, akaninyooshea mkono tena. Ulipofika katikati akausimamisha, akaushika wangu kwa kifundo, akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma, kama mkaguzi wa tiketi. Alipoona hamna kitu ndipo akaushika.