Mwanafunzi Anapohakiki Mchezo wa Jukwaani

Hadhira kubwa kabisa ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya huketi kwenye mabwalo ya shule za upili. Makundi ya waigizaji huzunguka shuleni yakiigiza vitabu teule, miaka michache iliyopita Kigogo ya Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na watahiniwa hulipa kiingilio, hutazama, kisha hurudi darasani kujiandaa kwa karatasi ya tatu, ile ya fasihi, ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili. Hadhira hiyo inayoliweka kundi mjini haiulizwi imeonaje. Ndiyo maana wapo walimu wanaopendekeza wanafunzi wahimizwe kuandika uhakiki wa maonyesho haya, pamoja na yale ya tamasha la drama, na wapo wenzao wanaoona kwamba huko ni kumpa mtoto wembe.

Pingamizi lenye uzito zaidi halihusu umri. Linahusu mafunzo. Mtihani humuuliza mwanafunzi kuhusu maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Haumuulizi kwa nini mwigizaji alinyamaza pale ambapo kitabu kina maneno, wala kwa nini mwelekezi alimsimamisha mama nyuma ya mwanawe badala ya mbele yake. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huja kwenye onyesho na kitabu mapajani, akifuatilia kwa kidole, na kila kilichoachwa hukihesabu kuwa kosa. Kundi la watu sita likiigiza tamthilia yenye wahusika kumi na zaidi, kwa muda uliobanwa kati ya vipindi, bila taa na bila pazia, lazima lipunguze na lazima mtu mmoja avae maleba ya wawili. Uhakiki unaolalamika tu kwamba sehemu fulani imerukwa ni insha ya fasihi iliyopotea njia, na nimesoma nyingi za namna hiyo.

Hata hivyo, mwanafunzi huona asichokiona mwalimu aliyeketi safu ya mbele. Wakati mmoja nilikuwa kwenye bwalo ambamo onyesho la maombolezo lilizua kicheko cha ukumbi mzima, na mwalimu wa zamu akahitimisha kwamba watoto hawana adabu. Msichana aliyekuwa karibu nami alikuwa na maelezo bora: mwombolezaji alikuwa akilia huku akitutazama sisi, kana kwamba anatuuliza kama kilio kinatosha. Hiyo ni hukumu ya kiuigizaji hasa, imetolewa na mtu wa miaka kumi na saba, na haikuandikwa popote.

Hofu ya pili ni ya kuumizana. Kwenye tamasha la kitaifa la drama, ambalo mizizi yake inafika mwaka 1959, waigizaji wenyewe ni wanafunzi, na mhakiki anaweza kuwa ametoka shule iliyoshindwa nao. Wamarekani wamelikabili jambo hili kwa utaratibu. Programu iitwayo Cappies, iliyoanzishwa mwaka 1999 na William Strauss pamoja na Judy Bowns katika eneo la kaskazini mwa Virginia, huwapeleka wanafunzi waliofunzwa uhakiki kutazama michezo ya shule nyingine, si ya kwao, wakiwa na walimu walezi. Baadhi ya makala zao huchapishwa kwenye magazeti ya eneo hilo, na mwisho wa mwaka wahakiki hao hao hupiga kura za tuzo. Sehemu ya kwanza naikubali bila shaka. Ya kura inanitia wasiwasi, kwa kuwa anayegawa tuzo na anayezitamani wakiwa marafiki, kalamu hulainika. Ningeongeza mwiko mmoja pia: jina la mwigizaji litajwe anaposifiwa, lakini akikosolewa itajwe nafasi aliyoigiza tu.

Wanaosema kwamba tamasha tayari lina waamuzi wanasahau waamuzi hao hufanya kazi gani. Wao hutoa alama na maelezo mafupi, gari la shule huondoka, na maneno hupotelea njiani. Tena wanapima kwa ajili ya ushindani, ilhali mhakiki huwaandikia watu ambao hawakuwepo. Aprili 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere walipofika kwenye tamasha hilo Nakuru na mchezo wao Echoes of War, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza, ingawa mahakama ilikuwa imeagiza waruhusiwe, na polisi walirusha mabomu ya machozi. Nchi nzima ilijadili siasa ya mchezo huo. Wanafunzi wangekuwa na desturi ya kuandika, huenda tungekuwa na kurasa chache zilizoueleza kama mchezo tangu ngazi za chini za mashindano: nani aliubeba, wapi ulilegea, ukumbi ulinyamaza lini.

Kwa hiyo naunga mkono waandike, kwa sharti ambalo halihitaji fedha nyingi. Kabla ya kushika kalamu, mwanafunzi ahudhurie mazoezi ya kundi moja walau mara mbili, aone tukio likijaribiwa kwa njia tatu na mbili zikitupwa. Siku ya onyesho, kitabu kibaki darasani.