Ukiitaja Mbozi, itaje na Ivuna

Juzi jioni nimekaa na mpwa wangu juu ya mawe nyuma ya nyumba hapa Bugando, ziwa lote liko chini yetu, nikamuuliza kimondo gani cha Tanzania anakijua. "Cha Mbozi, mjomba." Kingine? Kimya. Yuko form three na fizikia anaipenda. Niliumia kwelikweli.

Mbozi sina ugomvi nayo, lile ni lichuma la tani kama 16, watu wanaenda kupiga picha. Ila Ivuna, jiwe lililoanguka huko huko upande wa Songwe, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, yakaokotwa magramu 705 hivi tu, ndo wanasayansi wanalitaja mpaka leo. Kundi la vimondo wanaloliita CI, hiyo I ni Ivuna! Wajapani walipoleta gramu 5 na kitu za Ryugu, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, mwaka 2020, wakapima, wakakuta inafanana na kundi hilo hilo. Yaani rula wanayopimia ina jina la kijiji chetu.

Mpwa akaniuliza, sasa kama jiwe lipo walifuata nini kule mbali? Nikamwambia ukitoka kuanua dagaa ukashika hili jiwe, jiwe litanuka dagaa, akija mtu kupima atasema lina samaki. Ivuna nayo ilianguka chini, ikashikwashikwa, ikakaa makabatini miaka na miaka, kwa hiyo ukikuta amino asidi humo, yaani vitofali vya kujengea protini, lazima ujiulize ni ya angani au ya kidole cha mtu. Ndo maana gramu 121.6 za Bennu, asteroidi nyingine, zilizotua Septemba 2023 zinatunzwa kwenye maboksi yaliyojaa naitrojeni, hewa yetu isiziguse, na Januari 2025 wanasayansi wakatangaza wamekuta humo amino asidi 14 kati ya 20 zinazojenga protini zetu, besi zote tano, yaani zile kama herufi zinazoandika urithi kwenye DNA na RNA, na chumvi zilizobaki maji yalipokauka. Amino asidi huwa na maumbo mawili, kama mkono wa kushoto na wa kulia, na hizo za Bennu za kushoto na za kulia ni karibu sawasawa, wakati viumbe wa hapa tunajengwa na za kushoto, kwa hiyo si uchafu wa mkono. Uhai hawajaukuta, wamekuta malighafi yake, na mimi hiyo tu inanisisimua mwili.

Haya, nakubali, kipande kimoja kizuri kiko makumbusho London na mashine za kupima hivi vitu ni ghali. Lakini kulitaja jina darasani kunahitaji mashine gani? Mwalimu unayesoma hapa, nakuomba, dakika tano tu.