Acheni Ctrl+E, washeni injini kwa mikono yenu

Ukifungua Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, na kuchagua Cessna Caravan iliyoegeshwa ikiwa imezimwa kabisa, ipo njia ya mkato: bonyeza Ctrl na E, swichi zinajigeuza zenyewe, injini inaunguruma, unaondoka. Wengi tumeanzia hapo. Mimi naamini njia hiyo inakunyima sehemu tamu kuliko zote, na natamani kila anayeanza aachane nayo ndani ya wiki ya kwanza.

Naitaja Caravan kwa sababu ndiyo ndege ndogo tuliyoizoea kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Siku moja abiria tulijaa, nikakalishwa mbele kando ya rubani. Alinyoosha mkono darini kuhakikisha matangi yote mawili ya mabawani yamefunguliwa. Akawasha betri, pampu ya mafuta, kisha stata. Ukaanza mlio mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika wenzo wa mafuta, lakini hausogei. Macho yalikuwa kwenye geji ya mzunguko wa injini. Mshale ulipopita asilimia 12 ndipo akausukuma wenzo, na papo hapo macho yakahamia kwenye geji ya joto.

Sikuelewa kwa nini alisubiri mpaka nilipokuja kuiunguza injini hiyohiyo nyumbani, kwenye Caravan ya nyongeza niliyoinunua kwa ajili ya mchezo huo, ambayo haisamehe makosa. Niliachia mafuta mapema. Mshale wa joto uliruka hadi kwenye mstari mwekundu, na safari ikaishia palepale.

Injini ya Caravan, PT6, inahitaji hewa kwanza. Hewa hiyo ndiyo inayolisha moto, na ndiyo inayopoza vyuma vilivyouzunguka. Mafuta yakitangulia, moto unaishinda hewa, na mapezi ya tabaini, gurudumu linalozungushwa na hewa ya moto ndani ya injini, yanaweza kuharibika kwa sekunde chache. Kwa toleo la PT6A-114A, kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Betri iliyochoka inaleta balaa lilelile, maana stata inazungusha kivivu na hewa haitoshi. Ndiyo sababu volti zinatazamwa kabla ya kugusa kitu kingine. Joto likikataa kutulia, unakata mafuta lakini stata unaiacha iendelee kuzungusha, hewa ipite ipoze. Mambo yote haya yanatokea ndani ya nusu dakika, na Ctrl+E inakuficha yote.

Kuna wanaosema huu ni mchezo tu. Anayetoka kazini amechoka na anataka kuuona Kilimanjaro kutoka juu kabla ya kulala, abonyeze zake, simlaumu. Namsemea kijana anayetamani urubani na kwao hakuna ada ya chuo cha urubani. Kompyuta ndiyo ndege pekee aliyonayo. Akizoea kubonyeza, atajua ndege inaondoka. Hatajua kwa nini iliwaka, wala afanye nini siku inapogoma.

Kaa nayo usiku mmoja bila kuruka. Iwashe, izime, iwashe tena. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 30. Ipumzishe dakika nzima kabla ya kujaribu upya, na ukishajaribu mara tatu ipe nusu saa. Mzunguko wa injini ukifika asilimia 52, zima stata. Zima na muziki, usikilize: mlio unatangulia, propela inafuata baadaye, polepole, kana kwamba imeamshwa usingizini. Ni kwa sababu tabaini inayoizungusha haikufungwa kwenye mhimili mmoja na ile inayozungushwa na stata. Kinachoisukuma ni upepo wa moto peke yake.