Steringi mwizi na igizo la chandarua

Igizo lilikuwa la malaria, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Viti vya plastiki vya kukodi, spika moja inayokoroma, na baba mlevi aliyechukua chandarua cha familia akakizungushia banda la vifaranga. Watu walivunjika mbavu pale baba alipokuwa anawabembeleza kuku warudi bandani, kila mmoja akimwita kwa jina la mke aliyemwacha. Kisha mtoto akaugua, nesi akaingia, akaanza kuongea. Akaongea, akaongea. Mwisho wake msanii mmoja akashika maiki: "Tumejifunza niniii?" Tukaitikia kwa pamoja kama darasa la pili. Njiani kurudi nyumbani vijana walikuwa wanaiga sauti ya mlevi. Nesi hakutajwa.

Wiki hiyohiyo nilimkuta mzee wa jirani barazani kashika simu ya mjukuu wake, anaangalia Awaara, picha ya Raj Kapoor ya 1951. Kihindi hajui, ila nyimbo anaimba zote. Kwenye picha hiyo hakimu anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mtoto anakulia uswahilini, njaa inamfundisha kuiba. Steringi mwenyewe ndiye mwizi! Nikamwambia mzee kwamba aliyeigiza hakimu, Prithviraj, ni baba mzazi kweli wa Raj Kapoor, aliyeigiza mwizi. Akacheka, akasema hilo walilijua tangu enzi hizo. Tukabishana hadi Magharibi kama hakimu alistahili kusamehewa.

Sasa wapo wanaosema sanaa ya jamii ndiyo hii ya mtaani, kwa lugha yetu, bure, na kwamba kulilia sinema za kale ni kulilia starehe ya mjini. Hawajakosea. Majestic ya Unguja, Avalon na Empress za Dar zilikuwa majumba ya mjini yenye tiketi, na tiketi ikiadimika Jumapili, mlanguzi anakusubiri mlangoni na bei yake. Aliyekuwa kijijini hakuyaona. Na picha, hata iwe nzuri vipi, haikusikii. Ukipiga kelele hakimu asimhukumu mtoto, atamhukumu vilevile kesho na keshokutwa.

Lakini wazee wakisimulia, wanasimulia zaidi ya picha: nguo za Jumapili, shoo za wanawake peke yao, mabishano ya njiani kurudi. Ule ukumbi ndio uliokufa. Majengo mengi yalitaifishwa 1971, video zikaja miaka ya themanini, runinga ikaanza Bara 1994. Drive-in ya Msasani, sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, ilibomolewa, na kiwanja chake leo ni ubalozi wa Marekani. Picha zenyewe zipo, bure kwenye simu, na ukiniuliza mimi, Awaara ya kwenye simu bila mtu wa kubishana naye ni nusu ya Awaara. Kibanda umiza, lile banda la mtaani la kuonyesha video, pamoja na joto lake na benchi lake la kuumiza, kiko karibu zaidi na Majestic ya zamani kuliko simu.

Kinachonisumbua kwenye igizo la chandarua hakikuanzia kwa wafadhili wa leo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu pale Vugiri, Usambara, wakitengeneza picha za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha kwa gari. Mojawapo ilihusu akiba ya posta: huyu anafukia hela zake, zinaibiwa, mwenzake anaweka posta, anafaidi. Mjinga na mwerevu. Ukitoa posta ukaweka chandarua, ni igizo lilelile, na bado linafika kwa gari.

Si lazima liwe hivyo. Malya, Usukumani, mwaka 1982, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda bila igizo mkononi. Wanakijiji wakataja matatizo yao wenyewe, wakayatengenezea ngoma na maigizo wenyewe. Kamiriithu, Limuru, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1977 wakulima na vibarua walijenga jukwaa la wazi, mazoezi yakawa hadharani, na mpita njia aliweza kumsahihisha mwigizaji: mzee haongei hivyo. Serikali ya Kenya ikafuta kibali cha maonyesho baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa igizo lao, akawekwa kizuizini Desemba hiyohiyo, na 1982 jukwaa likabomolewa. Sijasikia nesi wa igizo lolote akiwekwa kizuizini.

Kwa hiyo mimi naegemea mtaani, ila kwa sharti moja ambalo nimelitoa kwenye sinema: waachieni wasanii mlevi wao. Awaara haikuuliza mtu kajifunza nini, ndiyo maana miaka sabini baadaye wazee bado wanagombana. Wafadhili watasema fedha za afya si za burudani, na fomu zao zinadai ujumbe ufike. Sawa. Ila ujumbe ambao watu wanausahau kabla hawajafika kona ya kwanza, sijui umefika wapi.

Kuna jambo sikulisema kuhusu siku ile. Katikati ya hotuba ya nesi, mama mmoja aliyekuwa kakaa na beseni la maandazi miguuni alinyanyua mkono bila kuruhusiwa. "Nesi, samahani. Kwangu mlileta vyandarua viwili, na tuko tisa. Huyu baba alale wapi?"

Uwanja ukanyamaza. Yule mlevi, bado anapepesuka vilevile, akageuka: "Ndiyo maana nikawapa kuku, mama. Kuku hawagombanii."

Watu waliruka kwenye viti. Wengine walianza kuhesabu kwa sauti watu wa nyumbani kwao, mwenyekiti wa mtaa akainamia simu yake. Nesi akasubiri kelele zipungue, akachungulia karatasi yake, akaendelea pale alipoishia.