Kisanduku cha Urembo cha Kila Mwezi Hakilipi

Mjadala kuhusu visanduku vya urembo vya kila mwezi, yaani vifurushi vya vipodozi ambavyo mtu hulipia ada na kutumiwa bila kujua ndani mna nini, karibu kila mara huishia kwenye bei, na bei ndiyo sehemu isiyonisumbua sana. Mfanyakazi wa kawaida hapa Kisumu akiamua kutenga shilingi 1,500 kila mwezi kwa ajili ya uso na nywele zake, hajamkosea mtu yeyote. Wapo wanaotumia zaidi ya hizo kwa samaki na soda za Jumapili moja kule Dunga, na hakuna anayewahoji. Shaka yangu iko kwenye mwendo wenyewe wa biashara hii. Vipodozi vinakuja kila baada ya siku thelathini, ilhali ngozi haijamaliza kutoa jibu kwa muda huo, na mtumiaji hajajua cha kubakiza wala cha kutupa, lakini tayari kifurushi kingine kiko njiani na pesa yake imekwishakatwa.

Ni vyema kukumbuka mpango huu ulibuniwa kwa ajili gani. Mwaka 2010 huko New York, Katia Beauchamp na Hayley Barna, waliokuwa wamesoma pamoja shule ya biashara ya Harvard, walianzisha Birchbox. Kwa dola 10 kwa mwezi mteja alitumiwa sampuli chache za vipodozi, na hesabu yao ilikuwa kwamba akiipenda sampuli atarudi kwenye duka lao la mtandaoni kununua chupa kamili. Mwaka uliofuata Michelle Phan, aliyekuwa amejipatia jina YouTube kwa video za kujipodoa, alishiriki kuanzisha huduma ambayo baadaye iliitwa Ipsy, na huko Berlin ikazaliwa Glossybox. Kisanduku, kwa maneno mengine, kilikuwa mlango wa duka. Birchbox yenyewe iliwahi kuwa kampuni ya kupigiwa mfano, lakini mwaka 2018 udhibiti wake ulipita mikononi mwa mwekezaji na mwaka 2021 ikauzwa tena. Sishangai, kwa sababu mtu anayepokea sampuli mpya kila mwezi ana sababu gani ya kukimbilia chupa kamili?

Mpango huo ulipofika kwetu, duka halikuja nao. Anayeishi Milimani, Kondele au Nyalenda akipokea kijitubu cha krimu kutoka Korea Kusini au Ufaransa na kikamfaa kweli, hatua inayofuata ni ipi? Maduka ya vipodozi ya mjini huenda hayana bidhaa hiyo kabisa, na akiiagiza mwenyewe kutoka nje atalipa usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, hadi krimu iliyomvutia kwa sababu ilikuwa ndogo na nafuu iwe na bei isiyotajika mbele ya mume. Sampuli isiyo na duka nyuma yake ni kionjo cha chakula kisichopikwa mjini.

Halafu kuna ile karatasi inayoambatana na kisanduku, ikitangaza kwamba umelipa shilingi 1,500 kwa bidhaa zenye "thamani ya shilingi 4,000". Thamani hiyo hupatikana kwa kugawa bei ya chupa kubwa kwa mililita: ikiwa chupa ya mililita 50 inauzwa shilingi 3,000, basi kijitubu cha mililita 5 kinahesabiwa kuwa shilingi 300. Hesabu yenyewe haina kosa, isipokuwa hakuna mteja ambaye angetoa shilingi 300 dukani kununua mililita 5 za krimu asiyoijua, na mara nyingi mtengenezaji alizitoa sampuli hizo bure au kwa bei ya kutupa ili ajitangaze. Thamani ya kipodozi kwangu ni kile ambacho ningekilipia kwa hiari yangu nikiwa nimesimama mbele ya rafu. Kwa kipimo hicho, visanduku vingi nilivyowahi kuviona vikifunguliwa havifiki hata nusu ya ada.

Wifi yangu, anayefanya kazi ya uhasibu hapa mjini, alijisajili kwa kisanduku kinachofungwa Nairobi na kusafirishwa kwa basi la usiku. Aliniita nikione kimoja kilipofika, na sanduku lenyewe, kusema kweli, lilikuwa la kupendeza: karatasi laini ya zambarau, utepe, na kadi yenye jina lake. Ndani mlikuwa na kijitubu cha krimu ya kukinga jua, pakiti mbili za shampuu, rangi ya mdomo ndogo kama kidole cha mwisho, barakoa ya karatasi ya kubandika usoni, na chupa ya fandesheni, ile krimu yenye rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima. Shampuu ilikuwa ya nywele zilizonyooshwa kwa dawa, naye amefuga nywele za asili kwa miaka. Fandesheni ilikuwa ya rangi ya mchanga mkavu. Alipoipaka chini ya taya na kusogea dirishani, mstari ulionekana kutoka upande wa pili wa chumba. Rangi ya mdomo ilimkaa vizuri sana, nami nilimwambia hivyo bila kumbembeleza. Alikuwa amejaza fomu ndefu ya kueleza ngozi yake, nywele zake na rangi yake, na ni wazi kwamba aliyefunga sanduku hakuisoma, au aliisoma na hakuwa na kitu kingine cha kuweka.

Fandesheni ndiyo inayoumiza zaidi katika visanduku hivi, kwa kuwa haina nafasi ya kukosea kidogo. Losheni isiyokufaa usoni utaipaka miguuni, lakini rangi isiyo yako haina pa kwenda ila kwa jirani, na jirani naye si lazima awe wa rangi hiyo. Weusi wetu si mmoja: ndani ya familia moja ya hapa Magharibi utakuta mtu mwenye wekundu chini ya ngozi, mwingine mwenye manjano, na wa tatu mweusi tititi ambaye watengenezaji wengi hadi leo hawajamfikia. Dukani unaijaribu kwenye taya, unatoka nje kwenye mwanga wa jua, unarudi. Kwa kisanduku unabahatisha.

Nimekipigia hesabu kile kijitubu cha kukinga jua, maana ndicho kilichokuwa na faida kubwa zaidi kwa mtu anayeishi karibu hivi na mstari wa ikweta. Kilikuwa na mililita 5. Kiasi kinachoshauriwa kwa uso peke yake ni kama robo ya kijiko cha chai, yaani mililita moja na robo hivi, kwa hiyo kijitubu kizima kinatosha kupakwa mara nne. Mtu anayeshinda nje anatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili, hivyo siku moja ya harusi ya kijijini inakimaliza. Katika mara nne hizo utajua kama krimu inaacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi nyeusi, jambo ambalo kwa haki lina maana, lakini hutajua kama inakuletea chunusi ikitumika mfululizo, wala kama inazuia madoa yasikolee.

Hapo ndipo kalenda ya muuzaji na ngozi vinapoachana njia. Tabaka la juu la ngozi ya mtu mzima kijana hujifanya upya kwa takriban wiki nne, na kadiri umri unavyosogea muda huo unarefuka. Krimu ya kupunguza madoa meusi yaliyoachwa na chunusi huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili za kupakwa bila kuruka kabla ya kuhukumiwa kuwa imefaa au imeshindwa. Hata kujaribu tu kama kitu hakikudhuru, yaani kukipaka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko na kusubiri, kunakula siku moja au mbili kwa kila bidhaa. Mwenye kupokea bidhaa tano kila mwezi na kuzitumia zote pamoja, ngozi yake ikiwasha hatajua amshtaki nani kati ya hizo tano, na akizitumia moja moja kama inavyopasa, atakuwa na droo iliyojaa kabla mwaka haujafika katikati. Droo nayo haihifadhi milele. Ule mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa, wenye maandishi kama 6M au 12M, unaeleza miezi ambayo bidhaa hudumu baada ya kufunguliwa, na joto la Kisumu halizisaidii hata kidogo zile zenye vitamini C, ambazo hubadilika rangi na kupoteza nguvu upesi. Walioko Nakuru, kwenye ubaridi wa juu, wana nafuu kidogo hapo.

Lipo jambo lingine ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia. Kijitubu cha sampuli mara nyingi hakina nafasi ya orodha ya viambato. Orodha hiyo ilikuwa kwenye boksi la nje, na boksi la nje halikuletwa. Nchi hii ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, tangu mwaka 1998, na bado krimu za kujichubua zinapita sokoni kila kukicha. Ninaponunua kipodozi dukani ninatafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), ninasoma viambato, ninaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kitu kinachonifikia kikiwa kimefungwa kwa utepe, bila lolote kati ya hayo, kinaniomba nimwamini mtu nisiyemjua kwa ajili ya uso wangu. Nisingekubali masharti hayo kwa maziwa, sioni kwa nini niyakubali kwa krimu.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Visanduku vya nje hutaka kadi, na kadi hukatwa kila mwezi hadi utakapojiondoa. Kitufe cha kujiondoa huwa kimefichwa mahali ambapo hata mtoto wa kidato cha nne angekitafuta kwa tochi. Visanduku vya hapa nchini vinavyolipiwa kwa M-Pesa mwezi kwa mwezi ni vya heshima zaidi katika hilo, kwa kuwa kila mara ni lazima uingize nambari yako ya siri, na katika sekunde zile chache mtu hupata nafasi ya kujiuliza kama bado anakitaka.

Wapo wanaonufaika, na sitaki kuwanyima haki yao. Msichana anayepamba mabibi harusi Nakuru, ambaye kazi yake inamtaka ajue rangi nyingi na bidhaa nyingi, anaweza kukihesabu kisanduku kama gharama ya kazi. Mwanafunzi aliyemaliza chuo na hajawahi kuwa na kipodozi zaidi ya mafuta ya kujipaka ya Arimis na wanja anaweza kujifunza mengi kwa miezi miwili au mitatu, mradi ajiondoe baada ya hapo. Na yupo anayelipia ile furaha ya kufungua kitu asichojua ndani mna nini; huyo ananunua burudani, na burudani haipimwi kwa mililita.

Kwa sisi wengine, shilingi 1,500 za miezi mitatu ni 4,500, na kwa fedha hizo unapata dukani krimu ya kukinga jua ya ukubwa kamili, sabuni ya uso isiyokausha ngozi na mafuta ya shea ya kutosha nyumba nzima, vyote umevishika, umevisoma na kuvinusa kabla ya kulipa. Chama chetu cha kuchangiana fedha kiliwahi kulizungumzia jambo hili, tukaona ni nafuu zaidi kuchanga na kununua vitu hivyo kwa bei ya jumla, kila mmoja akachukua chupa yake, bila kupimiana kutoka kopo moja kwa vidole.

Wifi yangu bado anapokea kisanduku chake, na tumekubaliana kutokubaliana. Mimi nitakuwa tayari kulipia kitakachokuja mara moja kwa miezi mitatu, chenye bidhaa mbili au tatu za ukubwa kamili zinazopatikana pia katika duka la hapa mjini, zikiwa ndani ya maboksi yake yenye viambato na tarehe, na rangi ya fandesheni niwe nimeichagua mwenyewe kwa kuijaribu. Shilingi 4,000 nitazitoa bila kuomba kupunguziwa.