Ombasha wa Makina

Kwa kina mama yangu, Makina pale Kibra, kila nyumba ya Wanubi ina mzee wake aliyekuja na bunduki. Wetu ni Ombasha. Nilikua nikisimuliwa kwamba alikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kule kusini mwa Sudan, Lugard, kapteni Mwingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawabeba hadi Uganda, na Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza) ilipoundwa mwaka 1902 akaingia Keya.

Basi nikaenda Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, kifua mbele, nikaomba faili la babu yangu Ombasha.

"Ombasha nani?" karani akauliza.

"Ombasha. Hivyo tu."

Akanitazama kwa huruma. Ombasha ni cheo, akasema. Koplo. Kumbe ukoo mzima tumekuwa tukimrehemu koplo, jina hatulijui!

Nikakimbilia DNA. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na Ombasha ni wa upande wa mama. Baba yangu Mkamba, kwa hiyo yangu ingenipeleka Machakos, ambako nafika kwa matatu. Ilibidi nipate mate ya mjomba.

Kichupa cha kutemea mate kikafika Ramadhani. Mchana mjomba kinywa kikavu kama jivu, hata tone. "Ngoja nifuturu," akasema. Haya. Lakini masharti yanataka mtu akae dakika 30 bila kula wala kunywa. Akaanza na tende. Nikahesabu dakika 12, akavuta uji. Nikaanza upya, ikapita sambusa. Nikaanza tena, nikasikia vikombe vya kahawa vinagongana. Mzee wa watu amefunga tangu alfajiri, mimi nani nimzuie?

Isha ikaadhiniwa. Magoti yanamsumbua, huswali nyumbani. "Nenda tarawehe, mjomba," akaniambia, "ukirudi utakikuta tayari."

Nikarudi. Mjomba anakoroma kwenye kochi, na kichupa kiko juu ya meza, kimejaa hadi mstarini, kimefungwa vizuri. Nilikaribia kulia kwa furaha. Asubuhi nikakituma, nikalipa, na kwa wiki kadhaa nikawa natembea kama mjukuu wa askari.

Majibu yakaja kwa barua pepe. Sampuli haina kromosomu Y. Mwenye mate haya ni mwanamke.

Nilifika Makina jasho likinitoka, sijui hata habari kama hiyo mtu humwanzia wapi mjomba wake. Nikaisoma sauti ikitetemeka. Mjomba akajishika kidevu, kisha akageuka polepole kuelekea jikoni.

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Si nilikuona unavyohangaika, mwanangu? Na huyu kashalala. Nikasema nikusaidie. Kwani mate si mate?"

Mjomba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hadi leo pale nyumbani mama huyo anaitwa Ombasha.

Na anaitika.