Mashine Inazeeka, Ankara Inanenepa

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, imeingia barua pepe yenye kichwa cha herufi kubwa: MKATABA WENU WA SAPOTI UNAISHA. Ndani kuna kotesheni, kwa dola bila shaka. Nimeisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Kuhuisha sapoti kwa mwaka mmoja, kwa storeji (sanduku la diski linalotunza data ya ofisi nzima) tuliyoinunua miaka mitano iliyopita, kunagharimu zaidi ya theluthi ya bei tuliyoinunulia mashine yenyewe ikiwa mpya, ikinukia boksi. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi: bei hii ni hadi Ijumaa.

Hadi Ijumaa! Kama nyanya vile.

Haikupita nusu saa, simu ya mwuzaji. "Mkuu, umeiona ile barua? Najua imekaa juu kidogo. Lakini kaka, kuna njia nzuri zaidi. Mkichukua mpya, sapoti ya miaka mitatu iko humohumo ndani."

Wana TEHAMA wenzangu, simu hiyo mnaijua. Mwaka wa kwanza ulipewa punguzo kwa mikono miwili, ukapigwa picha na kalenda ya kampuni ukapewa. Ukahamishia humo kila kitu: hesabu, mishahara, barua pepe za wakurugenzi, nakala za mikataba. Ikifika mwaka wa tano huna pa kukimbilia, na hapo ndipo lile punguzo linarudi kudai chake. Bei ya sapoti ya mashine kuukuu haina uhusiano na gharama ya kuihudumia. Ni fimbo ya kukuswagia kwenye mashine mpya. Wanajua kabisa hutailipa. Ukiilipa, heri yao pia.

Ukisema basi mwaka huu napumzika, nitarudi mwakani? Utadaiwa ile miezi yote uliyokaa bila mkataba, na juu yake ada ya kurudishwa kundini. Wenye nyumba wa Sinza tunawasema kwa kodi ya miezi sita mbele, lakini sijamsikia hata mmoja aliyemdai mpangaji kodi ya miezi aliyokuwa ameshahama.

Na tuulizane, hiyo sapoti tunayoililia ni nini hasa? Ni vipuri na namba ya simu.

Mwaka juzi diski yetu moja iliwasha taa ya njano. Mkataba ulikuwa ule wa juu, wa kuhudumiwa ndani ya saa nne, usiku na mchana, sikukuu zote. Nikafungua tiketi saa tano usiku nikiwa na kaptula sebuleni. Kweli, saa nne hazijaisha wakajibu: namba ya tiketi na ombi la logi, yaani kumbukumbu za mashine. Nikatuma logi. Wakaomba logi nyingine. Nikatuma. Zamu ikabadilika, akaingia mtu mpya wa bara jingine, akaanza kwa kunisalimia vizuri sana na kuomba zile logi za kwanza. Diski yenyewe ilitoka ghala la nje ya nchi, ikalala forodhani, wakala akataka barua, barua ikataka muhuri, mwenye muhuri yuko Dodoma. Siku ya tisa fundi akaingia nayo chumba cha seva saa nne asubuhi. Kwa hiyo nisiwasingizie, saa nne ya mkataba ilitimia.

Siku zote hizo tisa nililala na simu kifuani, maana diski ya pili ikifa kabla ya ya kwanza kubadilishwa, na mpangilio wetu ulivyo, mshahara wa watu mia tatu uko mashakani. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Fundi alibonyeza kitasa, akaivuta nusu, akasubiri iache kuzunguka, akaitoa, akasukuma mpya mpaka ikasema "ka". Taa ya kijani. Alitumia muda mrefu zaidi kujaza kitabu cha wageni pale kwa mlinzi.

Akiwa anakusanya makaratasi niliigeuza ile diski mbovu. Juu kuna stika ya mwenye storeji, namba ndefu ya kipuri na nembo. Pembeni yake kuna stika nyingine, ya kiwanda. Duniani leo waliobaki wanaotengeneza diski za kuzunguka ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Nembo yoyote iliyoko usoni mwa raki yako, tumbo lake limetoka kwa mmoja wa hao watatu. Ukiipata diski hiyohiyo sokoni bila ile stika ya mwenye storeji, bei ni nyingine kabisa.

"Basi si uchomeke hiyo ya sokoni?" Ungependa. Storeji nyingi za daraja hili zinaangalia kitambulisho cha diski kwanza, zikikuta si ya ukoo zinaikataa. Nyingine zinataka diski iliyogawanywa kwa vipande vya baiti 520 badala ya 512 vya kawaida. Zile baiti nane za ziada zina kazi ya haki, za kuhakiki kwamba data haijaharibika njiani, sikatai. Ila imetokea tu, kwa bahati nzuri sana kwa mwuzaji, kwamba ulinzi huo unakuzuia pia kwenda dukani.

Hapa lazima niwakumbushe kitu kinachonichekesha kila mwaka bajeti ikikaribia. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, walipotoa wazo la RAID, herufi ya tatu ilisimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "za bei nafuu". Wazo zima lilikuwa hilo: badala ya diski moja kubwa ya mamilioni, kusanya vidogo vya bei poa, panga data kwa namna ambayo kimoja kikifa wenzake wanabeba. Baadaye wauzaji wakaibadilisha herufi ileile iwe na maana ya "zinazojitegemea". Unafuu ulifutwa hadi kwenye jina.

Sasa hesabu, maana mhasibu wetu hasikii hadithi. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza bakapu za watu, inaweka hadharani takwimu za vifo vya diski zake tangu 2013. Ina diski zaidi ya laki mbili. Mwaka 2022 zilikufa asilimia 1.37, mwaka 2023 asilimia 1.70. Sisi tuna 48. Zidisha mwenyewe: haifiki diski moja kwa mwaka. Zidisha tena mara tatu kwa ajili ya uzee, vumbi, na umeme wetu tunaoujua. Unapata mbili na nusu. Kwa hiyo nimeomba bei ya diski sita zilizotumika, za namba ileile ya kipuri, zilizopimwa, pamoja na kontrola moja (ubongo wa storeji) na pawasaplai mbili. Jumla yake haifiki robo ya ile kotesheni ya Ijumaa. Zitakaa kwenye kabati la chuma hapa ofisini, hatua kumi na nne kutoka kwenye raki. Forodha ya kabati ni mimi, na funguo ninazo.

Nilipolileta hili kwenye kikao, mkuu wa fedha akaniangalia kama nimependekeza tuuze figo. "Vifaa vilivyotumika? Kwa data ya kampuni?" Mzee wangu huyu namheshimu sana. Lakini anaendesha gari lililomaliza ujana wake Japani, sasa limepita kilomita laki mbili, na likianza kugonga mbele anakwenda Ilala mwenyewe. Anauliza shokapu: mtumba wa Japani au mpya ya Kichina? Anachagua mtumba, tena kwa kujiamini kabisa, anaipiga kwa kucha, anaisikiliza. Hajawahi hata siku moja kupiga simu Japani. Watoto wake wanakwenda shule ndani ya gari hilo! Ila diski, ambayo ikifa ina wenzake wa kubeba mzigo wake, tena ina bakapu, hiyo lazima iwe na baba mzazi Marekani.

Haya, na yangu mabaya niyaseme, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika jibu refu.

Kuna kitu kimoja ambacho kabati halina: famuwea, ile programu ndogo inayoishi ndani ya diski yenyewe. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva na storeji, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao (diski zisizo na kitu kinachozunguka) zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa 8, data ikienda nazo moja kwa moja. Machi 2020 wakatangaza kundi jingine, hilo mwisho wake saa 40,000. Fikiria maana yake: SSD ulizozichomeka siku moja zinakufa siku moja, na RAID yako inabaki kushangaa. Dawa ilikuwa famuwea mpya, na wa kuitoa ni mtengenezaji. Kwa hiyo nakubali, kwa shingo upande. Storeji ya SSD inayobeba mfumo mkuu wa benki au hospitali, lipa sapoti ya mwenye mali na unyamaze. Hata mimi nimeomba ile mashine yetu mpya zaidi ibaki kwenye mkataba. Ninachokataa ni kulipia kwa bei hiyohiyo sanduku la diski za kuzunguka ambalo famuwea yake ya mwisho ilishatoka zamani na hakuna nyingine inayokuja. Hapo unalipia nini, ubani?

Kama kabati linakutisha, zipo kampuni huru za matengenezo ambazo hazikutengeneza mashine na hazina mpya ya kukuuzia. Mbili zilizotuletea bei zilikuwa chini ya nusu. Zibane swali moja tu: kipuri kiko mji gani? Wakianza na "kanda yetu ya", fungasha.

Na dola. Mapato yetu ni shilingi, mkataba ni dola, bajeti inapitishwa miezi kabla. Sisi tuliiona dola ikivuka shilingi 2,600 mwaka 2024, na wenzetu wa Nairobi hawajasahau Januari ya mwaka huohuo ilipogusa 160 zao. Sapoti uliyoikubali Juni si uliyoilipa Januari.

Mengine ni madogo, nayapitisha. Bakapu za miaka zinakaa vizuri kwenye tepu. Katriji moja ya tepu ya aina ya LTO-9 inabeba terabaiti 18 na ikiwa rafuni haili umeme. Wa "hamieni winguni", nawasikia, lakini someni ukurasa wa bei ya kutoa data, si wa kuingiza tu. Na ukiuza mashine ya zamani, zifute diski kabla hazijatoka getini: Morgan Stanley walitozwa dola milioni 35 mwaka 2022 na wasimamizi wa soko la mitaji la Marekani, diski zao zikiwa zimeonekana kwenye mnada mtandaoni na data za wateja ndani. Nasi sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Ila kufuta kwenyewe, hapo niwe muwazi, aibu ni yetu. Jumatano nilikaa kuangalia nini kimejaza ile storeji inayodaiwa kuwa "imefika mwisho". Terabaiti nne ni kamera za ulinzi za getini, za mwaka uliopita, kwenye diski za bei mbaya kuliko zote. Folda ya mzee aliyestaafu 2019, haijafunguliwa tangu keki ya kumuaga. Faili moja la bajeti lina ndugu kumi na mmoja, wa mwisho anaitwa MWISHO_KABISA_halisi_2. Na kwenye folda ya Masoko kuna kitchen party. Nzima, kamera tatu, gigabaiti 212, imehifadhiwa kwa RAID, inafanyiwa bakapu kila usiku, na mpaka sasa ilikuwa chini ya sapoti ya saa nne. Bibi harusi hafanyi kazi hapa. Nimeuliza.

Nimepata asilimia kumi na tisa ya nafasi kwa siku mbili na maneno makali kidogo. Kotesheni ya mashine mpya, ile ya "njia nzuri zaidi kaka", ilikuwa inatuongezea asilimia ishirini.

Leo ndiyo Ijumaa. Sijajibu. Saa kumi na dakika kumi jioni imeingia barua pepe: kwa kuthamini uhusiano wetu wa muda mrefu, bei imesogezwa hadi Ijumaa ijayo na kupungua asilimia thelathini. Thelathini, kwa kunyamaza siku nne tu. Nimeifunga, nikateremka ngazi mbiombio kumuwahi mhasibu kabla hajawahi daladala, anisainie diski sita.